Sili ya Pijo

…isishuke, au ishuke, hata sijui naomba lipi, mguu wangu wa kulia uko juu ya pedeli ya breki na nimeikanyaga kwa nguvu zangu zote, kiatu nimevua ili nisikie vizuri kwa unyayo, na Nyale mume wangu yuko chini ya gari, kalala chali juu ya gunia na tochi ya simu mkononi, anapaza sauti, "Shikilia hapo hapo Kadii, usiachie mpaka niseme," nami namjibu nimeshikilia, na Baba yuko kando yangu kwenye kiti cha abiria, keshavaa shati lake jeupe la kanisani na kikoi kipya, bakora katikati ya magoti, anatazama mbele kupitia kioo kana kwamba tushaondoka, kana kwamba huu ukuta wa jirani hapa Kibarani ndio barabara ya Magarini, wala hana haraka, anangoja kama anavyongoja chai… na jambo lenyewe ni jepesi, ukikanyaga breki ukashikilia, pedeli ikasimama pale pale kama jiwe, basi ile sili niliyoitengeneza ni nzima, na ikianza kuzama polepole chini ya mguu, taratibu kama mtu anayesinzia, basi mafuta yanapita pembeni mwa mpira, gari haliendi popote, na Baba atavua shati lake alikunje, aseme tutajaribu tena, kama alivyosema juma lililopita na juma lile jingine, na mimi nitasema pole Baba, na moyoni… hapana, moyoni niache kwanza, nisikilize mguu. Imesimama. Mpaka sasa imesimama, ngumu, inanisukuma kidogo kama kiganja cha mtu, na mimi ndiye niliyekitengeneza hicho kiganja kwa mikono yangu, kikombe kidogo cha mpira mweusi kinachoingia kwenye kidole gumba kama kofia, kimekaa ndani ya silinda huko mbele na hakuna anayekiona, na ajabu, kitu kidogo kama hicho ndicho kinachosimamisha gari zima la chuma kwenye mteremko wa daraja la Sabaki, au kisilisimamishe… nilikitafuta kila mahali, dukani Mombasa waliniambia mama, hii gari ni ya babu yako, sili zake hatujaziona miaka mingi, nunua gari jingine, na nilipomwambia Baba alicheka mpaka meno yakamcheza, meno niliyomtengenezea mimi mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu pale kliniki, meno ya bandia, kuchukua chapa ya ufizi wa mtu na kumwaga plasta na kuchonga na kusugua mpaka mtu acheke bila kuziba mdomo, basi Baba akaniambia, "Wewe unatengeneza meno yakatafuna mahindi ya kuchoma, utashindwa na kikombe cha mpira?" nami nikaona kweli, nikaanza, nikaibeba ile sili kuukuu iliyochanika mdomo nikaichukulia chapa kama jino, nikamwaga ndani ile raba laini ya kliniki, ikatoka nzuri, sura yake hasa, nikaibonyeza ikamomonyoka kama ute wa yai lililochemshwa… nikakata tyubu ya baiskeli, bapa, haina mdomo wa kushika ukuta wa silinda, nikakata ndara, ikanyonya mafuta kama sponji, nikakata mpira kwenye paipu ya petroli nikautia kwenye chupa ya mafuta ya breki dirishani jikoni niuone, na kulipokucha umevimba kama hamri, mnene, laini, haufai, nikaenda kwa muuza baiskeli pale stendi nikaomba ile ngozi ya ndani ya pampu, ngozi iliyokunjwa kama kikombe, maana Baba alisema magari ya zamani kabisa yalifunga breki kwa ngozi, nikailoweka kwenye mafuta ya nyonyo, na hiyo, hiyo nusura, ilishika mpaka Nyale akashangilia, halafu pedeli ikaanza kuzama, polepole, polepole, nikaisikia kwa unyayo kabla ya mtu yeyote kujua, na nilihisi nini pale? Nilihisi nini… "Kadii!" Nyale anaita, "umeshikilia?" Nimeshikilia. "Huku hakuna tone, paipu zote kavu, iko vipi hapo juu?" Ngoja, namwambia, ngoja kidogo, maana uvujaji wa ndani hauonekani chini, hautoi tone, yeye huko alipo hawezi kujua, wala Baba hawezi kujua, ni mguu wangu tu unaojua… ni mguu wangu tu. Nikitaka, naweza kuuachia kidogo kidogo, niseme inazama, na hakuna mtu duniani atakayenipinga, na leo matanga ya mwisho ya Ami Kitsao yatapita bila Baba, kesho watu watatawanyika, na Baba atakuwa hai. Wazo hilo limekuja lenyewe, sikuliita. Limekaa hapa kama nzi. Ami Kitsao alikuwa ndugu yake wa pekee, tumbo moja, Baba akiendesha hii Pijo kati ya Malindi na Mombasa zama zile yenyewe inang'aa, Ami alikuwa utingo wake, kichwa nje ya dirisha, anaita abiria kwa majina ya baba zao, na Baba husema sauti ya Kitsao ilikuwa ikifika Gede kabla ya gari, na walipoacha kazi gari likabaki kwa Baba na shamba la Magarini likabaki kwa Ami, hawakuandikiana, hawakugombana, wakati wa mahindi Ami analeta magunia, wakati wa Krismasi Baba anapeleka mbuzi, ndivyo walivyokuwa… kisha Ami akaumwa, mguu, kidonda hakiponi, kisukari, na alikificha kile kidonda ndani ya soksi mpaka kikanuka, na alipozikwa Baba alikuwa hospitali na kifua, ana mpira wa hewa puani, daktari akakataa katakata asitoke, basi hakumzika ndugu yake, na hilo peke yake lingetosha kumuua mtu. Lakini halikuwa hilo peke yake. Wangu alipiga simu. Wangu ni binti wa Ami, tumekua pamoja, tumesukana nywele, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyejifungia chooni, "Dada Kadii, usimlete Baba mkubwa kwenye matanga, nakuomba, usimlete," nikauliza kwa nini, akashusha sauti, "wamekwenda kwa mganga, kawaambia baba yetu kaliwa, na aliyemla ni mtu wa damu yake, ana mvi, anakaa upande wa bahari," na mimi kama mjinga nikasema mvi anazo kila mtu, naye akasema, "Dada, Mwaro ananoa panga kila asubuhi, na hapa hakuna mnazi wa kukata wala kichaka cha kufyeka, ananoa tu." Mwaro, kaka yake mkubwa. Mwaro aliyekuwa akinibeba mabegani tukivuka mto… na si kwamba ni jambo la ajabu, ndilo linaloniua, si la ajabu, sote tunajua wazee waliokutwa shambani asubuhi, sote tumepita mazishini tukasikia watu wakinong'ona alikuwa na uchawi huyo, alikuwa nao, na baadaye shamba likapimwa kwa kamba, nani asiyejua, mvi siku hizi ni hatia, mzee anatembea na hukumu yake kichwani kila mtu aisome. Nilinunua piko. Naona haya hata kulikumbuka, nilipita dukani nikanunua piko ya kupaka nywele nyeusi nikampelekea, Baba, nikamwambia, tukupake kidogo upendeze, akaishika ile pakiti akaigeuza huku na huku, akanirudishia, "Hizi nimezipata kwa taabu, mwanangu, acha zikae," nikacheka naye, nikaenda chumbani nikaketi kitandani. Na sikumwambia neno la Wangu. Wala Nyale sikumwambia, kwa sababu Nyale ni mtu wa hasira nyepesi, angepanda gari la kwanza kwenda kumkamata Mwaro shati, na kwa sababu… kwa sababu neno kama hilo ukilitamka linaingia nyumbani linakaa, Baba akikohoa utalisikia, akiamka kwenda nje utalisikia, nami sikutaka Baba ajue kwamba watoto aliowanunulia sare za shule wanamwita mchawi, bora afe bila kulijua, nilisema, bora gari lisiende… imesimama bado. Paja linaanza kutetemeka. Baba anasema kitu, "…kile kiti bado kizuri," anasema, sikumsikia mwanzo wake, kiti gani Baba? "Cha nyuma. Nimekitazama asubuhi, kimechanika ukingoni tu." Ndiyo Baba, nasema, kizuri, na macho yangu yako kwenye pedeli, na hii ya mwisho naipenda, Mungu anisamehe, naipenda kazi yenyewe, nilipata sili ya pikapu kwa fundi wa Gede, sura yake ile ile ila nene kidogo, haiingii, watu wote wakasema haiingii, basi nikaivika kwenye bolti, nikaifunga bolti kwenye keekee ya Nyale, ikazunguka nikaigusa kwa msasa laini, kwa upole kama ninavyogusa jino la mbele, vumbi jeusi na harufu ya mpira ulioungua, napima, naigusa tena, napima, mpaka ikateleza ndani ya silinda kwa sauti ndogo, sauti ya busu, na nilipoisikia ile sauti nilijua, mikono inajua, mikono haidanganyi, nilisimama jikoni na mafuta mpaka viwikoni, na nikatamani kulia, nikadhani ni furaha… haikuwa furaha. Ilikuwa kwisha. Vile vyote vilivyotangulia, tyubu, ndara, ngozi, raba ya kliniki, kila kimoja kilipovuja nilimwambia Baba pole, na ndani ya ile pole kulikuwa na pumzi ndefu ya kushukuru, na hivi sasa tu ndipo naisikia, nilikuwa nafanya kazi kwa mikono yote miwili na kuomba ishindikane, na mikono haikunisikiliza. "Kadii," Nyale anaita tena, "mgongo wangu jamani, iko vipi?" Ngoja kidogo! Sauti imetoka kali kuliko nilivyotaka, na ndani ya gari joto, harufu ya viti vya zamani na ya sabuni ya Baba, na mguu wangu… nikiuinua, upana wa kidole tu… nikisema, eh, imeanza kuzama Nyale, toka, haikufaa… kinywa kiko wazi, maneno yako tayari, na Baba anasema, bila kugeuza kichwa, taratibu, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia kiti, "Ilipovuja ile ya ngozi ulifurahi." Nakaza mguu. "Nilikuona," anasema. "Ulisema pole, lakini mabega yalishuka. Nikajua Kadii hataki nifike." Baba, nasema. "Na piko. Umeniletea piko, mtu mzima, ukadhani sijui piko ni ya nini? Mzee Jefwa jirani yetu wa zamani alijipaka piko, kwani ilimsaidia?" Baba, nasema tena, na pedeli imesimama, imesimama, kama imechomelewa. Nani kakwambia, namuuliza, Wangu? "Wangu hajaniambia kitu. Mimi nimeambiwa na simu isiyopigwa. Kitsao kafa, na watoto wake hawajanipigia kuniuliza Baba mkubwa, mbuzi wangapi, nani aite ukoo, matanga siku gani. Siku yenyewe nimeisikia kwa muuza mkaa. Basi mtu aambiwe nini zaidi?" Na anaguna, kile kicheko chake cha puani, na mimi naona kwamba haya yote niliyoyafungia kifuani ili yasimfikie, yeye alikuwa nayo zamani, kila mmoja amelala na lake upande wa pili wa ukuta, yeye akinificha mimi na mimi nikimficha yeye, na chai tunakunywa meza moja… sasa unakwenda kufanya nini Baba, nasema, na sauti yangu ni ya mtoto, unakwenda kufanya nini kule kama unajua? Anaizungusha bakora. "Nisipokwenda leo, watasema kaogopa, kweli alimla. Hiyo ndiyo itakuwa hukumu, na nitakuwa nimeiandika mwenyewe kwa kukaa nyumbani. Na baada ya hapo watakuja huku, na huku kuna wewe." Kisha anasema, "Na nataka Mwaro akione kile kiti." Kiti… na hapo ndipo linaponifikia, hadithi yenyewe naijua, nyumbani kwetu kila mtu anaijua, ilikuwa mvua ya masika na mke wa Ami kashikwa na uchungu, Baba akamtia kwenye Pijo, Ami kando yake analia kuliko mwenye uchungu, na walipofika karibu na Gede mama hakuweza tena, Baba akasimamisha gari pembeni, akakimbia kwenye mvua kutafuta mwanamke yeyote mtu mzima, akampata mama muuza machungwa, na Mwaro akazaliwa kiti cha nyuma, hapa, nyuma ya mgongo wangu, na shati la Baba ndilo lililomfuta. Mwaro anaijua. Alikuwa akijisifu nayo shuleni, mimi nilizaliwa ndani ya gari, nyinyi mmezaliwa chini… "Simpelekei maneno," Baba anasema. "Maneno wameyapata mengi kwa mganga. Nitasimamisha gari pale uani mbele ya watu wote, mchana, nifungue mlango wa nyuma, niketi. Akija na panga aje nalo hapo." Na akikukata? nasema, nimelisema, limetoka, neno ambalo sikulitoa hata kwa Mungu, akikukata Baba? Sasa ndipo anageuka. Macho yake yana ukungu wa uzee pembeni lakini katikati ni yale yale. "Basi mtakuwa mmeona nyote, na si kuniokota shambani asubuhi mkaulizana nani. Lakini mimi sina haraka ya kufa, mama. Tutapitia kwa chifu kwanza, nimekwisha mtumia salamu, aje na watu wake wakae. Na padri atakuwepo. Mimi ni mzee, si mjinga." Amekwisha mtumia salamu. Mimi nasugua mpira kwenye keekee nikidhani namlinda, na yeye yuko barazani na simu yake ya vitufe anapanga siku yake kama mtu anayepanga arusi… na ndani yangu kitu hakitulii, hapana, nisijidanganye, woga upo pale pale, mkubwa, namuona Mwaro na lile panga kama namuona ukutani, na huenda tukafika na hao watu wa chifu wakachelewa, au wakaja wakasimama mbali wakitazama simu zao, huenda kiti hakitasema kitu kwa mtu aliyekwisha kuamua, na shamba ni shamba, lakini lile wazo la kuinua mguu silioni tena, nalitafuta na silioni, maana nikiuinua sitakuwa nimemzuia Baba, atapanda gari la abiria, atatembea, ataomba pikipiki na shati lake jeupe, atakwenda peke yake, na uongo wangu ndio utakaokuwa umempeleka peke yake. Hilo sikuliona. Majuma haya yote sikuliona. Nilidhani ni gari liende au lisiende, kumbe ni nani atakuwa ndani. Paja linawaka moto. Unyayo umekufa ganzi, lakini pedeli ipo, juu, ngumu, haijasogea hata kidogo tangu nilipoikanyaga, na nikikumbuka ule mteremko wa Sabaki na malori ya chumvi, nasema moyoni itashika, hiyo moja naijua, hiyo nimeitengeneza mimi. "Kadii, mke wangu," Nyale anasema kutoka chini, sasa kwa upole, maana mtu wa hasira nyepesi huwa pia ana masikio, "mnazungumza nini huko juu? Imeshika au haikushika?" Namtazama Baba. Baba anatazama ukuta. Imeshika, nasema. Na sauti yangu inatoka nzima. "Imeshika! Alhamdu… eh, Mungu mkubwa, si nilikwambia? Basi achia nitoke." Bado, nasema, ngoja, nimeikanyaga bado, sikiliza kwanza ukiwa hapo hapo chini, usitoke, maana ukitoka utaruka, kuna jambo la Wangu sijakwambia, na gunia linakwaruza mchangani kisha linatulia, na ule mwanga wa tochi uliokuwa ukicheza kwenye majani ya mpapai umesimama, "Jambo gani?" anasema, na Baba ananyoosha mkono anakipandisha juu kioo cha dirisha lake, jirani wasisikie, na mimi navuta pumzi, mguu uko pale pale, alinipigia simu Jumapili moja, majuma kadhaa sasa, naanza, tulikuwa tumetoka kanisani…